Mtoto wa Jirani Kaumwa na Mbwa Wangu, na Kibao Kilikuwepo Getini

Bi Wakili, shikamoo.

Nakuandikia usiku huu wa Jumapili kwa sababu usingizi umenikataa. Ninaishi Mtwapa na watoto wangu wawili. Baba yao ni dereva wa malori ya masafa marefu. Akitoka Mombasa kwenda Kampala au Juba, hatumwoni kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mwaka juzi wezi waliruka ukuta wetu mara mbili katika muda wa miezi minne. Mara ya pili waliingia mpaka sebuleni sisi tumelala. Ndipo mume wangu akaleta mbwa, chotara wa Alsatian, tukamwita Simba. Akanunua na kibao duka la hadiwea, cha bati, rangi nyekundu na maandishi meupe: MBWA KALI. Fundi akakifunga kwa waya kwenye geti, upande wa nje. Tangu siku hiyo hatujaibiwa hata kibanio cha nguo.

Jana Jumamosi, saa kumi jioni, kijana wetu wa kazi alifungua geti aingize mkokoteni wa maji. Alipomaliza kushusha mitungi, akatoka na muuza maji hadi barabarani wakidaiana chenji, geti akaliacha wazi kwa kuwa alikuwa anarudi mara moja. Simba hakuwa amefungwa. Binti wa jirani, yuko gredi ya tatu, alikuwa ametumwa na mamake aturudishie sufuria kubwa waliyoazima wakati wa matanga. Amekuja kwetu mara nyingi, lakini siku zote hugonga akafunguliwa. Siku hiyo alikuta wazi, akaingia. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia sufuria ikianguka kwenye saruji kabla sijamsikia mtoto.

Nilipotoka, Simba alikuwa amemng'ang'ania paja. Nilimpiga kwa fimbo ya ufagio ndipo akaachia. Paja lina matundu manne na sehemu moja imechanika, na mkono una alama za meno. Tulimkimbiza zahanati ya karibu. Wakamsafisha kwa spiriti, wakamfunga bendeji, wakamchoma sindano ya pepopunda. Nililipa mimi, shilingi 1,800. Wakasema arudi baada ya siku tatu abadilishwe bendeji.

Leo asubuhi babake amekuja. Anataka shilingi 150,000, la sivyo anakwenda polisi. Kwa hofu, na pengine kwa kiburi, nilimjibu kwamba kibao kipo na kila mtu anakijua. Hakunigombeza. Alinipeleka mpaka nje, akalisukuma geti likafunguka lote, akaniuliza, "Kiko wapi?" Bi Wakili, kiwanja chetu ni kidogo, geti linafunguka kwa nje. Likifunguka lote linalala juu ya ukuta, ndani ya maboganvila. Kibao kilikuwa kimetazama ukuta. Sikuwa nimewahi kuliona hilo.

Sasa nashauriwa na kila mtu. Kaka yangu anasema kesho asubuhi na mapema nikitoe kibao pale, nikipigilie kwenye nguzo ya nje kinapoonekana, na polisi wakija niseme kimekuwa hapo tangu zamani. Mume wangu kwenye simu anasema mbwa apewe sumu usiku huuhuu azikwe, maana bila mbwa hakuna kesi. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: Desemba iliyopita Simba alimrarua suruali kijana aliyetuletea mtungi wa gesi na kumkwaruza mguu. Nilimpa 500, akaenda zake, yakaisha. Kadi ya chanjo ya mbwa pia imepitwa na wakati, mwisho alichanjwa alipoletwa.

Je, kibao hakinikingi kabisa? Mwenye makosa ni mimi, ni mume wangu mwenye mbwa, au ni kijana aliyeacha geti wazi? Na nimsikilize nani?

Mama wa Mtwapa

JIBU

Marahaba, mama. Barua yako niliisoma Jumatatu alfajiri, na kwa kuwa uliacha nambari ya simu, sikungoja siku ya safu hii. Kulikuwa na jambo moja lisiloweza kungoja, na wala halikuwa la sheria. Nalirudia hapa kwa ajili ya wengine, maana nimeona watu wenye akili zao wakilikosea.

Sindano ya pepopunda si chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa mbili tofauti. Mtoto anatoka zahanati na bendeji nyeupe na alama ya sindano begani, wazazi wanapumua, wanaamini kila kitu kimeshughulikiwa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, mgonjwa karibu hakuna anayepona. Na karibu visa vyote vya binadamu, visa 99 katika kila 100 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, hutokana na mbwa. Kinachookoa ni kuwahi: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, saa iwe mbele yako, kisha hospitali inayotoa chanjo siku hiyohiyo. Pilipili, mafuta ya taa, majivu ya manyoya ya mbwa huyohuyo, vyote hivyo vinachelewesha na vinachokoa kidonda. Chanjo haiishi kwa sindano moja. Kuna ya siku ya kwanza, ya siku ya 3, ya 7, ya 14, na ratiba nyingi huongeza ya 28. Na kidonda kikiwa kimepasua ngozi kama cha mtoto huyu, daktari huangalia pia dawa ya kinga inayodungwa pale penye kidonda penyewe. Nashukuru ulinisikiliza ukampeleka Jumatatu hiyohiyo. Zilikuwa zimepita siku mbili, lakini hata aliyechelewa anapaswa kwenda.

Kwa sababu hiyohiyo, ushauri wa mume wako ndio uliokuwa wa hatari kuliko yote. Najua yuko mbali na ana woga. Lakini mbwa aliyemuuma mtu, kama anaweza kufungiwa salama, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo mzima, anakula na kunywa kama kawaida, tunajua hakuwa na kichaa siku aliyouma. Ukimpa sumu ukamzika, umezika na jibu ambalo daktari wa mtoto analihitaji. Mwite afisa wa mifugo wa kaunti amtazame Simba na aandike alichokiona. Wala usifikiri bila mbwa hakuna kesi. Kidonda kipo, zahanati imeandika, mashahidi wapo, na mwenye kumwondoa mnyama usiku huonekana mtu mwenye la kuficha.

Sasa kibao.

Kaka yako anakupenda, na amekupa ushauri mbaya. Usikihamishe kukifanya ushahidi. Jirani alikwisha kuona kilipokuwa. Yeye ndiye aliyekuonyesha. Muuza maji anajua. Kijana wako wa kazi anajua, na akiapishwa hutaki awe na la kuchagua kati ya mshahara na ukweli. Kutengeneza ushahidi ni kosa la jinai lenyewe, na kubwa kuliko hili unalolikimbia. Leo una kesi ya uzembe, ambayo mahakimu wanaielewa kwa sababu hata wao wana mageti. Kesho utakuwa na kesi ya udanganyifu. Chukua simu, piga picha geti likiwa limefungwa na likiwa limefunguka lote, maboganvila na waya zake vionekane. Ukishakuwa na picha hizo zenye tarehe, weka kibao kipya mahali panapostahili, na ukiulizwa sema ulikiweka baada ya tukio, kwa sababu uliona kasoro. Kurekebisha kasoro hakuna aibu.

Je, kibao kinakinga? Wenye mbwa wengi wa Kenya wanaamini kwamba bati la shilingi mia tatu likishaning'inia getini, atakayeumwa amejitakia. Sivyo. Tuna sheria inayozungumzia wajibu wa mwenye mahali kwa watu wanaoingia hapo, Sura ya 34. Inamtaka achukue uangalifu unaofaa ili mgeni awe salama katika shughuli iliyomleta. Kuhusu onyo inasema kwamba onyo peke yake halimwondolei mwenye mahali dhima, ila kama, kwa kutazama hali zote, lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Kuhusu watoto inasema mwenye mahali ajue kuwa mtoto hatakuwa mwangalifu kama mtu mzima.

Chukua maneno hayo uyasimamishe kwenye geti lako saa kumi ya Jumamosi. Mtoto wa gredi ya tatu anakuja na sufuria ya matanga mikononi mwake, kubwa kiasi cha kumziba kifua. Geti liko wazi. Kibao kinatazama ukuta. Onyo hilo lilimtosha nani? Tena tuseme angekiona. MBWA KALI, haya, afanye nini? Hakuna kengele. Hakuna neno la kumwambia asimame wapi. Ametumwa na mamake, na mtoto aliyetumwa hurudi nyumbani ametimiza. Kibao kinachotaja hatari bila kumpa mtu njia ya kuiepuka kimefanya nusu ya kazi, na mahakama itauliza nusu ya pili iko wapi.

Usijidanganye pia kwamba aliingia bila ruhusa. Mtu anayekuja kwa shughuli ya kawaida, muuza maji, msoma mita, mleta gesi, jirani anayerudisha chombo, ana idhini ya kufika mlangoni hata kama hukumwita siku hiyo. Mwizi wa kuruka ukuta ni habari nyingine, na hata yeye sheria haikuruhusu umwachilie mbwa kwa makusudi amrarue wakati ameshika njia ya kukimbia.

Kuna upande wa pili wa kibao ambao watu hawaufikirii, na huu ndio uliofanya nichague barua yako. Sehemu kubwa ya sheria yetu ya wanyama haikutungwa na bunge letu. Mahakama za Kenya hufuata, pale tusipokuwa na sheria yetu, kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Waingereza wenyewe walibadilisha zao mwaka 1971, sisi tumebaki na kanuni kongwe. Kanuni hiyo inasema mbwa ni mnyama wa kufugwa, si simba wa Tsavo, kwa hiyo mwenyewe halaumiwi kwa kumfuga tu. Lakini kama alikuwa akijua kwamba mbwa wake huyu ana tabia ya kuuma watu, analipa madhara hata kama alichukua tahadhari zote. Mdai hahitaji kuthibitisha uzembe. Anahitaji kuthibitisha kwamba ulijua.

Na ni nani atakayesema ulijua? Umeandika mwenyewe, kwa herufi nyeupe juu ya nyekundu, ukazifunga getini.

Nakuwekea sawa: kibao peke yake hakimalizi kesi. Wakili wako atasema ni cha kutishia wezi, kila nyumba inacho, hata zile ambazo mbwa wake wanalala na paka. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kiweke kibao chako kando ya kijana wa gesi wa Desemba. Suruali iliraruliwa, mguu ukakwaruzwa, nawe ukalipa 500. Pesa hiyo uliyodhani imemaliza jambo ndiyo inayoonyesha kwamba kuanzia siku ile ulijua. Na huo ndio wakati geti lilipopaswa kubadilika. Watu husema mbwa husamehewa kosa la kwanza. Si kweli, kwa sababu hata kosa la kwanza mtu anaweza kushtakiwa kwa uzembe. Ila la pili huwa halina pa kujifichia. Sikuandikii haya kukuumiza, mama. Nakuandikia kwa sababu kuna mtu anasoma ambaye mbwa wake bado yuko kwenye suruali tu.

Kuna wakati kibao husaidia, na sitaki kuwanyima wenye mbwa haki yao. Kesi mashuhuri ni ya London mashariki, miaka ya 1970. Mtu alikuwa na uwanja wa magari mabovu, usiku anamwachia Alsatian azurure ndani, na mlangoni ameweka onyo la herufi kubwa. Mwanamke mmoja akaingia usiku pamoja na rafiki yake, hali akijua kuna mbwa, akaumwa usoni. Mahakama ya rufani ilimnyima fidia kwa kuwa alijua hatari akaingia nayo. Tazama vilivyokutana hapo: mtu mzima, usiku, mahali asipokuwa na haki ya kuwa, onyo linaloonekana, na kulijua kwake. Katika hayo, jioni yako ya Jumamosi haina hata moja. Na hata Uingereza, mwaka 1975 walipitisha sheria ya mbwa wa ulinzi inayotaka kibao kila mlango wa kuingilia na, pamoja nacho, mtu wa kumsimamia mbwa au mbwa awe amefungwa. Hawakukiachia kibao kazi peke yake.

Upande wa jinai: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 243, inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe unaoweza kudhuru wengine anaacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Ona maneno "mikononi mwake". Sheria haiulizi risiti ya kumnunua mbwa ina jina la nani. Mume wako alimleta, lakini wewe ndiye unayemlisha, unayemfungia na kumfungulia. Kwenye dai la fidia mnaweza kuunganishwa nyote wawili.

Na kijana wa kazi? Aliacha geti wazi, kweli. Lakini alikuwa kazini mwako, na uzembe wa mfanyakazi akiwa kazini humrudia mwajiri. Nakuomba usimfukuze ili uonekane umechukua hatua. Je, kuna siku ulimwambia kwamba mbwa afungwe kwanza ndipo geti lifunguliwe? Ulimpa mnyororo na mahali pa kumfungia? Kama jibu ni hapana, alifanya kazi kama alivyofundishwa. Tena yeye mwenyewe akiumwa na mbwa wako akiwa kazini, kuna sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2007 itakayokudai. Waajiri wengi wa kijana wa shamba na askari wa usiku hawalijui hili.

Sasa baba wa mtoto. Mama, nenda kwao. Mawakili wengine humkataza mteja asitie mguu kwa mlalamikaji. Mimi katika jambo la majirani simkatazi. Nenda ukamwone mtoto, utoe pole, na usitaje kibao. Zile shilingi 150,000 usizikubali wala kuzikataa mkiwa mmesimama ugani. Mwambie gharama zote za hospitali ni zako kuanzia leo, nauli ikiwemo, na kila risiti uiweke. Kisha ombeni mzee wa mtaa au wa Nyumba Kumi, ule mpango wa usalama wa majirani, awakalishe. Katiba yetu, ibara ya 159, inahimiza mapatano na usuluhishi, hayo si mambo ya uchochoroni. Mkikubaliana kiasi, kiandikwe: tarehe, sababu, malipo ya awamu ikiwa huna zote, mashahidi wawili. Usimtake aandike kwamba mtoto hatadai chochote maishani. Kidonda cha paja kinaweza kuhitaji matibabu mengine baadaye, na wewe ukiwa mzazi ungekataa kuweka sahihi kama hiyo.

Akitaka kwenda polisi, ni haki yake, usimzuie wala usimtumie watu. Ataandikiwa nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na kupewa fomu ya P3, ile ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Kulipa fidia hakufuti kosa la jinai, ingawa mtu aliyeshughulikia mtoto tangu siku ya kwanza hutazamwa kwa jicho tofauti. Mkishindwana, dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa mahakama ya madai madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 60. Kwa kawaida dai la madhara ya mwili hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kwa hiyo kimya cha mwezi mmoja au miwili usikichukue kuwa yamepita.

Niseme na habari ya Simba, maana najua mlinzi wa nyumba yenye baba aliye safarini si wa kuchezea. Sikuambii umtoe. Nakuambia umtenge na njia. Kosa la nyumba nyingi ni kwamba toka getini hadi mlangoni, mgeni anapita ndani ya eneo la mbwa. Mjengee banda upande wa nyuma au ubavuni, na wavu wenye kufika juu ya kifua cha mtu, wenye mlango wake na komeo lake, ili mchana awe humo na usiku, milango ikishafungwa, azunguke. Fundi wa kuchomelea aweke chemchemi ya kulivuta geti lijifunge lenyewe, na komeo juu ambapo mtoto hafiki. Kengele ya nje, hata ile ya kuvuta kwa kamba.

Kibao kiende kwenye nguzo, si kwenye geti. Kiwe na picha ya kichwa cha mbwa kwa asiyesoma, na kimoja kiwe chini, usawa wa macho ya mtoto wa miaka minane. Na kiandikwe hivi: KUNA MBWA. PIGA KENGELE. NGOJA UFUNGULIWE. Maneno manne zaidi ya yale ya zamani, na yote manne yanamwambia mtu la kufanya.

Mkanye mume wako asije akamlisha pilipili au kumnyima chakula ili awe mkali, kama nilivyoona wanaume wakishauriana. Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sura ya 360, na mbwa mwenye njaa hachagui kati ya mwizi na mtoto mwenye sufuria. Wala asifungwe mnyororo mfupi kutwa kucha. Akinguruma, usimpige kwa kunguruma. Ile ni ilani yake, sikio limelala, midomo imekunjwa, mkia umekakamaa. Mbwa aliyepigwa mpaka akaacha kunguruma huuma bila kutoa habari. Na kadi ya chanjo: kila mwaka. Afisa wa mifugo akisharidhika na zile siku 10, amchanje hapohapo na aweke muhuri.

Siku hizo zinatimia keshokutwa Jumanne. Kesho Jumatatu ni dozi ya siku ya 7 ya mtoto. Mkubaliane na mamake saa ya kutoka, mpande gari moja, na daftari la hospitali lisisahauliwe nyumbani. Uliniambia kwenye simu kwamba tangu siku ile mtoto hapiti upande wenu wa barabara, huzunguka kwa nyuma kwenda dukani. Mwambie yeye mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba Simba amefungwa na komeo limewekwa. Na ile sufuria iliyoangukia kwenu, wapelekee. Waachie.